William John Little: Daktari Aliyeuliza Mtoto Alizaliwaje

Mama, siku utakapompeleka mtoto wako kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwa sababu hajakaza shingo, au kwa sababu miguu yake ni migumu, usishangae akianza kwa maswali yasiyohusu miguu. Atataka kujua mimba ilifika miezi mingapi, uchungu ulichukua muda gani, mtoto alilia mara alipozaliwa au alichelewa, macho na ngozi yake viliwahi kuwa vya manjano, na kama amewahi kupata degedege. Akina mama wengi huyasikia maswali haya kama kesi mahakamani. Wanadhani wanatafutiwa kosa.

Sivyo. Maswali hayo yana historia ya zaidi ya miaka 160, na mtu aliyefanya kazi kubwa kuyaingiza katika uchunguzi wa watoto wenye shida ya mwendo alikuwa daktari wa London, William John Little. Yeye mwenyewe alikuwa amekua akichechemea. Ukiyajua maisha yake utaelewa kwa nini unaulizwa, na utaelewa pia mtaalamu anatazama nini anapomlaza mwanao kwenye mkeka na kukaa kimya.

Mtoto wa nyumba ya wageni

Little alizaliwa mwaka 1810 huko Aldgate, mashariki ya London, ambako wazazi wake walikuwa na nyumba ya wageni. Akiwa mdogo sana alipatwa na polio. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina hilo. Watu waliona tu mtoto aliyekuwa mzima ameshikwa na homa, na homa ilipoondoka, mguu mmoja ukabaki umelegea.

Tazama kilichofuata, maana ndicho kiini cha habari hii. Misuli ya upande mmoja wa mguu ilipokosa nguvu, ile ya upande wa pili ilivuta bila mpinzani. Ikavuta mwaka baada ya mwaka, mpaka kano ya kisigino ikawa fupi, kisigino kikapanda juu na unyayo ukageukia ndani. Shuleni wenzake walimtania kwa mwendo wake, wakimfananisha na kifaranga cha bata. Sehemu ya masomo yake aliyapata Saint-Omer, Ufaransa, na huko alijifunza Kifaransa, lugha iliyomsaidia baadaye kusoma maandishi ya madaktari wa nje.

Alipokuwa kijana aliwekwa kwa mtengeneza dawa ajifunze kazi, na mwaka 1828 akaingia London Hospital kusomea udaktari. Huwezi kusema alichagua kazi hiyo kwa bahati. Alikuwa akiutafutia dawa mguu wake.

Majibu aliyoyapata hayakumtia moyo. Ufaransa, mwaka 1816, daktari Delpech wa Montpellier alikuwa amekata kano ya kisigino ya mgonjwa ili kuuachia mguu. Kidonda kiliingia usaha, na Delpech akalaumiwa. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kurudia. Wengi waliona heri kubaki na mguu uliopinda kuliko kufa kwa kidonda.

Mwaka wa mguu wake

Kisha habari zikaenea kwamba daktari wa Hanover, Ujerumani, aitwaye Stromeyer, alikuwa na njia nyingine. Hakufungua ngozi. Alitoboa tundu dogo tu, akapitisha kisu chembamba chini ya ngozi, akaikata kano humo humo ndani. Baada ya siku chache alianza kuunyoosha mguu taratibu kwa kifaa. Kwa kuwa tundu lilikuwa dogo, usaha ulikuwa nadra.

Little alisafiri hadi kwake, na mwaka 1836 akakubali kukatwa. Kumbuka kwamba dawa ya usingizi ya upasuaji ilianza kutumika miaka kumi baadaye. Aliyalala yale maumivu akiwa macho, akiwa daktari anayejua vizuri kinachoweza kuharibika. Mguu ulinyooka. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni aliukanyagisha unyayo wake chini.

Alibaki kujifunza. Alikwenda Berlin, na madaktari wa huko walipouona mguu wake wenyewe, mashaka yao yalipungua. Aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu mguu kifundo, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1837 alifanya upasuaji huo London, na mwaka uliofuata akaanzisha kituo cha kutibu viungo vilivyopinda. Kituo hicho, baada ya kuunganishwa na vingine, ndicho hospitali ya mifupa inayoitwa leo Royal National Orthopaedic Hospital. Mwanawe mmoja alimwita Louis Stromeyer, kwa jina la daktari aliyemtibu.

Kwa mama mwenye mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo: tundu lile dogo lingalipo. Siku hizi mguu hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, na mwishoni watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kidogo tu, kwa dakika chache, kwa dawa ya ganzi. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu vyenye upau kati yake. Anza mapema, wiki za kwanza, na usiache viatu.

Miguu inayofanana, shida tofauti

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya Little akumbukwe. Kituo chake kilipopata sifa, wazazi walileta watoto wa kila aina. Wengine walikuwa kama yeye: mguu mmoja, mwembamba, umelegea, umepinda baada ya homa. Lakini walikuja na wengine ambao kwa mbali walifanana naye, na kwa karibu walikuwa tofauti kabisa.

Hawa miguu yao haikulegea. Ilikakamaa. Mara nyingi ilikuwa miguu yote miwili. Mapaja yalibana, magoti yaligusana, na mtoto alipoinuliwa asimame, alisimama kwa ncha za vidole na miguu ikapishana kama mkasi. Wengine mikono nayo ilikuwa migumu. Visigino vilikuwa juu kama cha kwake, ila misuli yao haikukosa nguvu. Ilivuta kupita kiasi, na mtoto hakuweza kuiambia iachie.

Hapo ndipo unapoona kazi halisi ya uchunguzi wa mwendo. Kisigino kilichopanda ni kitu unachokiona kwa macho. Kwa nini kimepanda ni swali jingine. Yawezekana msuli wa mbele ni dhaifu. Yawezekana kano imekuwa fupi kweli, kama kamba iliyosinyaa. Au kano ni nzima ila ubongo unatuma amri ya kukaza bila kupumzika. Tiba ya moja si tiba ya nyingine. Kumkata kano mtoto ambaye shida yake iko kwenye amri ya ubongo kunaweza kusaidia unyayo, lakini hakumfundishi mwili wake kuachia.

Mtaalamu wa leo hutenganisha mambo haya kwa mikono yake. Utamwona akiusukuma unyayo wa mtoto polepole, kisha akiusukuma tena kwa haraka. Mara ya kwanza mguu unakubali. Mara ya pili unashikwa ghafla, kama mlango uliozuiwa. Tofauti hiyo ya kasi inamwambia kwamba ni ukakamavu unaotoka kwenye ubongo. Kama unazuiwa palepale hata ukienda polepole, msuli au kano imeshakuwa fupi. Anaweza kukuuliza mtoto akilala usingizi inakuwaje. Jibu lako ni kipimo: ukakamavu wa ubongo hupungua mtoto akilala fofofo, ila kano iliyofupika hubaki fupi hata usiku.

Kuna pia watoto ambao hawakakamai tu, bali viungo vyao vinajinyonganyonga bila wao kutaka, hasa wanapojaribu kushika kitu au kusema; mara nyingi hawa walikuwa na umanjano mkali siku za kwanza. Na wapo wanaoyumba, mkono ukitetemeka unapokaribia kikombe. Little alijishughulisha zaidi na waliokakamaa.

Usiku wa Oktoba 1861

Kwa zaidi ya miaka ishirini Little aliendelea kuwatazama watoto wale, na kila mara alirudi nyuma kuuliza walivyozaliwa. Majibu yalianza kufanana. Huyu alizaliwa njiti. Yule mama yake alishikwa na uchungu mrefu mno. Mwingine alitoka kimya, hana pumzi, akahangaikiwa muda mrefu kabla ya kulia. Mwingine alipata degedege siku chache baada ya kuzaliwa.

Tarehe 2 Oktoba 1861 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi wa London na kusoma makala yake. Alikuwa na visa 47 vya watoto waliokakamaa, na kwa kila kimoja habari ya kuzaliwa kwake. Alisema kwamba kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kuzaliwa kabla ya wakati, vinaweza kuumiza ubongo na uti wa mgongo, na kwamba kovu la jeraha hilo huonekana baadaye katika mwendo. Siku hizo wengi waliamini kwamba mtoto aliyechelewa kupumua ama anakufa ama anapona kabisa. Little alikuwa anaonyesha kundi la tatu: waliopona wakabaki na alama. Kwa kuwa hakupata mengi ya kutegemea katika vitabu vya udaktari, alitaja hata mfalme Richard wa Tatu wa Shakespeare, aliyeelezwa katika tamthilia kuwa alizaliwa kabla ya wakati na mwili uliopinda.

Jambo jingine aliloliona ni la muhimu kwako. Ukakamavu wa mwili haukwenda sambamba na akili siku zote. Miongoni mwa watoto wale walikuwamo walioelewa vizuri kila kinachosemwa, ingawa midomo na mikono haikuwatii. Ni kosa linalofanyika mpaka leo, kumkadiria mtoto akili kwa kumtazama miguu.

Kwa miaka mingi hali ile iliitwa ugonjwa wa Little. Sasa inaingia ndani ya jina pana zaidi, mtindio wa ubongo, ambao hospitalini utausikia ukiitwa kwa kifupi CP.

Alikosea wapi

Little alikuwa sahihi, lakini si kwa wote. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye kabla ya kujulikana kwa mambo ya nafsi alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, aliandika kwamba pengine uzazi mgumu wakati mwingine ni dalili tu: ubongo wa mtoto ulishapata shida tumboni, na ndiyo maana akazaliwa kwa tabu. Kwa muda mrefu hakusikilizwa. Leo tunajua kwamba wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Wapo watoto walioumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wapo ambao ubongo wao uliguswa mapema, wakati wa mimba, kwa maambukizi au kwa sababu za kurithi. Wapo waliozaliwa njiti. Na wapo waliozaliwa salama kabisa, wakaumia baadaye kwa umanjano mkali, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani.

Nakuandikia hili kwa sababu najua kinachosemwa nyumbani. Mtoto akikakamaa, lawama huenda kwa mama: hukusukuma vizuri, ulipita mahali pabaya, umeleta mkosi katika ukoo. Mimi naona hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, maana mama aliyelaumiwa huanza kuficha. Anaificha habari ya uzazi kwa mtaalamu, anamfungia mtoto ndani, na miezi ambayo ubongo mchanga ungejifunza zaidi inapita. Ukiulizwa mtoto alizaliwaje, mwambie mtaalamu yote. Habari yako inafanya kazi ambayo hata mashine ya picha ya ubongo haiwezi kuifanya peke yake.

Little mwenyewe alizeeka akipoteza usikivu, akaacha kazi mwaka 1884, na akafariki mwezi Julai 1894 huko Kent. Mwanawe Ernest Muirhead Little alifuata kazi ya baba yake ya kutibu mifupa na viungo.

Siku yako kwenye mkeka

Mtaalamu mzuri, kama Little, huanza kwa kutazama kabla ya kugusa. Usione anapoteza muda. Mtoto wa miezi mitatu hadi mitano aliye macho na ametulia huwa na mijongeo midogomidogo ya shingo, viganja na vifundo vya miguu, kama mtu asiyetulia kitini. Heinz Prechtl na wenzake walionyesha katika karne ya 20 kwamba mijongeo hiyo ikikosekana, ni ishara nzito. Haihitaji mashine, inahitaji jicho lililofundishwa na mtoto asiyelia. Kwa hiyo mnyonyeshe kwanza, mvue nguo za baridi, mwache acheze.

Baadaye atamvuta mikono taratibu ili aketi, aone kichwa kinafuata au kinabaki nyuma. Ataweka mwanasesere upande wa kulia, kisha wa kushoto. Ataachanisha mapaja yake. Kwa mtoto mkubwa kidogo ataangalia anageuka vipi, anakaa vipi, anainuka kwa kushika nini. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kukuambia yuko ngazi fulani kati ya ngazi tano, ambapo ya 1 ni mtoto anayetembea bila kizuizi kikubwa na ya 5 ni yule anayehitaji kusaidiwa karibu katika kila mwendo. Ngazi hizo zilitungwa Kanada na kuchapishwa mwaka 1997. Ni ramani ya kupangia mazoezi na vifaa. Si cheti cha thamani ya mtoto.

Wewe nyumbani utaona mengi kabla yake. Mama hugundua anapombadilisha nepi na mapaja hayafunguki, au anapombeba mgongoni na miguu haikumbatii kiuno. Mpeleke akachunguzwe ukiona kichwa bado kinaanguka baada ya miezi 4, ngumi zinabaki zimefumbwa baada ya umri huo, au hajakaa bila kushikwa akiwa na miezi 9. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka naye achunguzwe, hata kama babu anafurahi kwamba amepata mjukuu wa mkono wa kushoto. Watoto wadogo hivyo hutumia mikono yote miwili. Kama alizaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe uliyotarajiwa kujifungua.

Chukua kadi ya kliniki. Andika kwenye karatasi yale unayoyakumbuka ya siku ile ya uzazi, na kama kuna ndugu au mkunga aliyekuwapo, muulize kabla hujaenda. Mrekodi mtoto kwa simu akiwa nyumbani, ametulia, anacheza, na mara nyingine anapofanya lile linalokutia wasiwasi, maana kliniki watoto wengi hulia au hulala na mtaalamu haoni chochote. Usikubali kuambiwa usubiri tu atakua. Omba mazoezi na namna ya kumlaza, kumlisha na kumbeba ianze hata kama jina la ugonjwa halijathibitishwa.

Na kuna hali mbili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Mtoto aliyekuwa anaweza kukaa, kushika au kutembea, kisha akapoteza uwezo huo. Na mtoto ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla, kama ilivyompata Little utotoni. Huyo lazima apimwe polio, hata kama amechanjwa. Hao wapeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.